Ninunue kompyuta iliyo tayari, au nimwachie mdogo wangu aniundie?

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikisoma safu hii nikidhani ni ya wenye migogoro ya ndoa, na mimi sina ndoa. Leo naandika kuhusu kompyuta. Usicheke. Yenyewe haijanunuliwa, lakini nyumbani kwetu imeshatufanya tukae mezani kimya.

Nina miaka 31. Mchana nafanya kazi ya mahesabu ofisini. Usiku na siku za mapumziko nahariri video za sherehe, mahojiano na matangazo madogo madogo. Chombo changu ni laptopu ya miaka tisa yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8. Nikiiagiza itoe video ya dakika 20 nakwenda kulala, na kuna asubuhi naamka naikuta imegoma katikati, feni inavuma kama mzinga wa nyuki. Windows 11 haiikubali. Sasa nimepata mteja anayetaka video nne kila mwezi, kuanzia miezi miwili ijayo. Kwa laptopu hii siziwezi, na mteja mwenyewe hajui.

Nimeweka akiba kwa mwaka mmoja na miezi minne. Kiasi sitakitaja, tuseme akiba yote ni mafungu 100.

Nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 23. Alimaliza masomo miaka miwili iliyopita na mpaka leo hajapata kazi ya kueleweka. Kompyuta anazijua: majirani humletea zao, na usiku hucheza gemu. Niliposema tu kwamba nataka mashine ya mezani, aliruka: "Dada, usiwape watu hela yako ya bure. Mimi nitakuundia." Kesho yake akaniletea orodha iliyoandikwa vizuri: prosesa, mazabodi (ile bodi kuu inayounganisha vipande vyote), RAM ya GB 32 katika vijiti viwili, SSD (diski ya kuhifadhia) ya TB 1, kadi ya grafiki ya kushughulikia picha, pawasaplai ya kugawa umeme, na kasha. Jumla mafungu 71. Nilikuwa nimeona mashine iliyo tayari, yenye prosesa ya daraja lile lile na kadi inayokaribiana, kwa mafungu 95. Nilifurahi, nikamwambia mama kwamba tumeokoa karibu robo ya akiba.

Ndipo bandu bandu ikaanza. Nilimwuliza, na Windows? Akasema, "Hiyo tutapata tu." Nikamwambia ya kupata tu siitaki, nina mafaili ya wateja. Tukaongeza 6. Prosesa haiji na kipoza chake: 2. Mazabodi haina Wi-Fi: 1. Kibodi na kipanya: 2. Usafirishaji wa vipande kutoka kwa wauzaji watano: 4. Tukafika 86. Kisha tukagundua kwamba bei za orodha zilikuwa za miezi mingi nyuma, na RAM peke yake imepanda kwa 7. Tukafika 93. Juzi akaja na orodha "iliyoboreshwa", yenye kadi kubwa zaidi na kasha la kioo lenye taa za rangi. Jumla 102. Nilipomwonyesha kwamba imepita akiba yangu, alinyamaza, akakunja karatasi yake, akatoka.

Ya dukani ile ya 95 ina RAM ya GB 16 katika kijiti kimoja, SSD ya GB 512, Windows, kibodi, kipanya na waranti ya miaka miwili. Prosesa yake jina linaishia na herufi K, ya mdogo wangu linaishia na KF. Ameniambia ni ile ile, ila ya kwake ni nafuu kidogo.

Kuna jambo jingine. Miaka miwili iliyopita alimwundia rafiki yake kompyuta. Waya mmoja wa pawasaplai mpya ulikuwa mfupi, akachukua wa pawasaplai ya zamani kwa sababu plagi iliingia vizuri. Walipowasha, ikatoka harufu. Diski mbili zilikufa, moja ikiwa na picha za familia ya yule rafiki. Mdogo wangu alilipa kidogo kidogo kwa miezi saba. Tangu siku hiyo hajaunda nyingine. Hii yangu ingekuwa ya kwanza.

Mama anasema mtoto akianguka ukamkataza kutembea, atatambaa mpaka lini? Kaka yetu mkubwa anasema akiba yangu si ya kufanyia mazoezi. Mimi nakesha na karatasi za hesabu. Nami nikuambie ambalo sijamwambia mtu: nadhani natafuta hesabu ya kunipa kisingizio. Ya dukani ikionekana nafuu, nimwambie mdogo wangu, "Si mimi, ni hesabu."

Nisaidie, Shangazi.

Dada wa mafungu 100

*

Marahaba, mwanangu. Sikucheka.

Nilivyokuelewa ni hivi. Una akiba moja, mteja mmoja na miezi miwili. Una mashine mbili ambazo bei zake zinafukuzana, na nyuma ya mojawapo amesimama mdogo wako, ambaye tangu ile harufu itoke hajapewa nafasi nyingine na mtu yeyote, wala yeye mwenyewe hajajipa. Sentensi nzito kuliko zote umeiweka mwishoni kabisa, kama mtu anayetia hela mfukoni mwa mwenzake huku anaaga. Nitaifikia. Kwanza hesabu, maana wewe ni mtu wa hesabu na ukiona nimeiruka hutanisikiliza tena.

Kwa orodha ya kwanza, 71 dhidi ya 95, kuunda ni nafuu kwa 24. Kwa orodha ya juzi, 102 dhidi ya 95, kununua ni nafuu kwa 7. Hizo mbili ndizo mnazogombania mezani, na zote mbili zimelinganisha vitu visivyolingana. Ya kwanza ilikuwa mwili bila roho, haina Windows wala cha kuipoza prosesa. Ya juzi imebeba vitu ambavyo hukuviomba. Hebu shika ile ya katikati, ya 93, halafu igeukie ya dukani uidai nayo. Ina nusu ya RAM na nusu ya nafasi ya kuhifadhia. Nimeangalia orodha uliyoambatanisha: kwa bei za sasa za mdogo wako, kijiti cha pili cha GB 16 ni mafungu 7 na SSD ya TB 1 ni mafungu 6. Ile ya 95 ukiifikisha hapo inakuwa 108. Sasa kuunda ni nafuu kwa 15. Umeona? Mashine ni zile zile, majibu matatu, na kila mtu nyumbani kwenu anaweza kujichagulia linalompendeza. Hata hiyo 15 usiikumbatie sana. Kama una diski za nje na GB 512 zinakutosha kwa mwaka wa kwanza, ukaongeza RAM tu, pengo linashuka hadi 9.

Lakini kuna kitu ambacho si wewe, si mdogo wako, si muuzaji aliyekitaja. Skrini. Laptopu inakuja na skrini yake, ndiyo maana mtu aliyezoea laptopu huisahau. Kompyuta ya mezani ni kasha tu. Nimeisoma barua yako mara tatu nikiitafuta, haimo. Ukitumia 95 unabaki na mafungu 5 ya kununulia skrini ya mtu ambaye kazi yake ni kutazama rangi. Ukitumia 93 unabaki na 7. Unaweza kuanza kwa televisheni ya nyumbani, kama ina tundu la HDMI, na wengi wameanza hivyo, ila rangi za televisheni nyingi zimepakwa chumvi ili zivutie jicho, na video uliyoirekebisha humo unaweza kuikuta imepauka kwenye simu ya mteja. Ongeza spika au vifaa vya masikioni, na diski ya kuhifadhia nakala. Kwa hiyo hata kabla ya kuuliza nani aiunde, jiulize kama mashine ya 93 au ya 95 ni ya akiba hii kweli. Nadhani orodha zote mbili zinataka kukatwa, na ikiwa ni hivyo, ugomvi wenu wa juzi ulikuwa juu ya mashine ambazo huenda huna haja ya kununua hata moja.

Ukitaka pa kukatia, anza kwa kuuliza orodha iliandikwa kwa ajili ya nani. Mdogo wako amekuandikia kwa upendo, lakini mkono uliozoea gemu umeponyoka. Mcheza gemu huweka hela kwenye kadi ya grafiki kwanza. Mhariri wa video za kawaida kama zako anahitaji kadi, ndiyo, lakini RAM, SSD na prosesa humsaidia mapema zaidi, na taa za rangi hazimsaidii kamwe.

Halafu hiyo herufi F. Kwenye prosesa za Intel ina maana kwamba sehemu ya grafiki iliyomo ndani ya prosesa imezimwa. Mcheza gemu haimuumi, maana ana kadi. Lakini ndani ya sehemu hiyo ndimo inamokaa Quick Sync, inayofungua na kufunga kwa kasi video zilizobanwa kwa mitindo ya H.264 na H.265, na programu nyingi za kuhariri zinaitumia. Kadi ya grafiki nayo hufanya kazi hiyo, ila kuna kamera zinazorekodi H.265 ya 4:2:2 ya biti 10, yaani yenye rangi zilizohifadhiwa kwa undani zaidi, ambayo kadi nyingi za miaka ya nyuma haziwezi kuifungua, huku Quick Sync ya Intel ya miaka ya karibuni ikiiweza. Na kadi ikifa siku ya kazi, prosesa yenye K pekee inaweza kukupa picha kupitia tundu la mazabodi ukaendelea polepole. KF itakupa skrini nyeusi. Basi si kweli kwamba ni ile ile, lakini si kwamba amekudanganya. Kwake yeye ni ile ile.

Sasa tuje kwenye pengo lenyewe. Wengi huamini kwamba anayeuza mashine tayari amekula faida tupu, na mdogo wako alisema hivyo hivyo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ile ya dukani nayo kuna mtu aliyeiunda, akaijaribu, na akiba ya vipande anayo. Ndani ya bei kuna saa za kazi na kuna kubeba lawama. Vilevile makampuni makubwa hununua vipande na leseni kwa maelfu, kwa bei ambayo wewe na mimi hatutaipata, ndiyo maana kuna nyakati kuunda huwa ghali kuliko kununua. Mwaka 2021 kadi za grafiki ziliadimika kwa sababu ya janga la korona na wachimbaji wa sarafu za kidijitali, hata kuna walionunua kompyuta nzima ili wapate kadi iliyomo. Na tangu miezi ya mwisho ya 2025 ni zamu ya RAM, kwa kuwa viwanda vya chipu za kumbukumbu vinakimbilia kulisha vituo vikubwa vya data vya akili unde. Hayo mafungu 7 yenu yametoka huko. Wala hamkuanza nyinyi kubishana. Kompyuta ya Altair 8800 ya 1975 iliuzwa ikiwa vipande vya kuungia nyumbani, au ikiwa imeshaungwa kwa bei ya juu zaidi, na nina hakika kuna nyumba zilizonuniana tangu wakati huo.

Ile ya tayari nayo ina hatari zake, na huwa haziandikwi kwenye tangazo. Kijiti kimoja cha RAM kinaifanya prosesa ipitie mlango mmoja pale ambapo ingepitia miwili. Angalia pia kwamba tangazo ulilonitumia linataja prosesa kwa herufi kubwa na kadi kwa herufi kubwa, lakini pawasaplai halikuitaja hata jina. Huko ndiko wauzaji hupenda kubania, na huko ndiko moto hutokea. Muulize muuzaji pawasaplai ni ya nani, ni wati ngapi, ina cheti cha 80 Plus cha daraja gani. Cheti hicho hupima jinsi umeme unavyotumika bila kupotea. Ubora wote hakipimi, ila asiyeweza hata kukijibu amekujibu. Muulize pia kama mazabodi ni ya umbo la ATX au mojawapo ya wadogo zake. Kipimo cha ATX kimekuwepo tangu 1995, na ndicho kinachofanya kasha la huyu lipokee mazabodi ya yule. Mashine nyingine za tayari zina mazabodi na plagi za umbo lao wenyewe, na baada ya miaka minne ukitaka kubadilisha kipande kimoja unaambiwa ununue nyingine nzima. Na uliza kama ukifungua kasha kuongeza RAM waranti inabaki. Pengine inabaki, pengine kuna kistika. Soma masharti, usisikilize mdomo.

Kuhusu waranti, umeandika "miaka miwili" kana kwamba upande wa pili hakuna kitu. Kipo. Vipande vinavyouzwa kimoja kimoja huwa na waranti zao, na mara nyingi ni ndefu: pawasaplai nzuri na SSD nyingi hupewa miaka mitano au zaidi. Shida ni kwamba waranti ya kipande inakudai ujue ni kipande gani kimekufa. Kompyuta isipowaka haisemi "ni mazabodi". Fundi mwenye duka huchomoa RAM akaweka nyingine, akabadilisha pawasaplai, akajua ndani ya nusu saa. Mdogo wako hana vipande vya akiba. Atabahatisha, atatuma kimoja, atasubiri, na siku hizo zote mteja wako anasubiri pia. Upande wa dukani nao si pepo: unapeleka mashine nzima, na mafaili ya wateja yakiwa ndani, unakaa bila kitu mpaka watakapokupigia simu. Kwa vyovyote vile, nakala za kazi zako zikae nje ya mashine. Hilo nalisisitiza, na yule rafiki aliyepoteza picha atakuambia vivyo hivyo.

Nije kwenye ile harufu. Plagi iliingia vizuri kwa sababu upande wa diski plagi zote ni za kipimo kimoja. Upande wa pawasaplai hakuna kipimo kinachowafunga watengenezaji, kwa hiyo waya wa kampuni moja unaweza kuingia kwenye pawasaplai ya kampuni nyingine huku umeme umepangwa kwa mpangilio tofauti kabisa. Hata ndani ya kampuni moja, toleo na toleo haviaminiki. Wameungua watu waliozoea kazi hiyo kwa miaka. Sisemi hivyo kumtetea. Diski zilikufa na picha zilipotea. Nasema kwa sababu ndani ya barua yako kosa lile limekuwa tabia yake, na mimi nalisoma kama kosa la siku moja lililolipwa kwa miezi saba. Huenda nakosea, wewe ndiye unayemjua. Kuna kijana ambaye akiungua mara moja huwa mwangalifu kuliko wote, na kuna anayerudia. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa siku tatu nikilaani kadi mpya kwamba haina nguvu, kumbe skrini nilikuwa nimeichomeka kwenye tundu la mazabodi.

Njia zilizopo ni zaidi ya mbili. Kuna maduka ambayo mteja huchagua vipande, wao wakaunga na kupima kwa ada. Mdogo wako angechagua, wao wangebeba lawama. Hatari yake ni kwamba yeye atasikia, "Akili yako tunaitaka, mikono yako hapana," nawe ujue namna ya kulisema hilo. Kuna kununua ya tayari iliyo nyepesi zaidi, yenye pawasaplai na mazabodi vya kueleweka, naye akaongeza kijiti cha pili na SSD. Ni kazi ya saa moja isiyo na hatari kubwa, ila ni lazima kijiti kiendane na kilichomo, kwa kuwa DDR4 na DDR5, ambavyo ni vizazi viwili vya RAM, haviingiliani hata matundu. Kuna mashine za mtumba zilizotoka maofisini, ambazo kwa bei hushinda zote. Lakini nyingi ni za umbo jembamba lisilopokea kadi kubwa, pawasaplai yake ni ndogo, na zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8 Windows 11 haizikubali, kwa hiyo utakuwa umenunua laptopu yako ya sasa kwa sura nyingine. Na kuna kuunda naye, wewe ukiwa umekaa pale unashika tochi na kusoma kitabu cha mazabodi kwa sauti, mkianza mapema vya kutosha ili kupima RAM na kuichosha mashine kwa siku kadhaa kabla muda wa kurudisha vipande haujaisha. Huko unaokoa mafungu fulani, unatoa wikendi mbili, na unakubali kwamba kikiungua kitu kimeungua cha kwako.

Kuhusu "Windows tutapata tu", ulifanya vema kukataa. Programu za kuvunja leseni ni mlango unaopendwa na virusi. Ila ulizia aina ya leseni. Inayokuja na mashine ya tayari kwa kawaida imefungwa kwenye mazabodi ile, ikifa nayo inakwenda. Ya rejareja unaweza kuihamisha. Akikuambia Linux, mfumo mwingine wa kutumia badala ya Windows, ni bure, ni kweli, lakini kwanza hakikisha programu unayohariria inafanya kazi humo.

Sasa kile kisingizio. "Si mimi, ni hesabu." Mwanangu, umekwishaona kwamba hesabu hii inajibu vile unavyoiuliza. Na mdogo wako anajua kuhesabu. Ukimletea 95 atakuletea 94. Nadhani anayofanya na orodha zake ndiyo unayofanya na karatasi zako za usiku. Kwa nini orodha ya pili ilikuja na kioo na taa? Labda ni tamaa ya gemu. Labda pia ni mtu anayetaka kitu atakachokitengeneza kionekane kutoka mlangoni. Nakuuliza tu, sijui.

Umesema "tumeokoa". Katika 93 ile, malipo ya kazi yake yako wapi? Umemlipa muuzaji wa kibodi, umemlipa msafirishaji, yeye umemwandikia sifuri. Kijana wa miaka 23 asiye na kipato anaweza kukubali sifuri kwa furaha kwa sababu ni dada yake. Lakini kazi ya sifuri ni ngumu kuidai iwe nzuri, na ni ngumu kuikataa pia. Jaribu kuandika fungu lake, hata mafungu 5, uone hesabu inakaaje, na uone wewe mwenyewe unajisikiaje. Unaweza kukuta kwamba unaogopa zaidi kumwajiri kuliko kumwomba. Au ukakuta kwamba kwa ada hiyo ungelala vizuri zaidi akiwa fundi wa mtu mwingine, na hilo nalo ni jibu la kweli unaloweza kumwambia usoni, kwa upole, bila karatasi mkononi.

Mteja wako naye anastahili kujua kwamba mashine iko njiani. Miezi miwili inatosha kwa kila njia niliyoitaja, lakini haitoshi kwa mwezi mmoja wa kununiana.

Ningekuwa mimi ningemwita mdogo wako jioni moja mama na kaka wakiwa hawapo. Nisingeanza na bei. Ningemwambia skrini haimo, nikamwachia aikate orodha mwenyewe mpaka iingie, kwa kazi za video nne kwa mwezi. Halafu ningemwuliza: ukifungua kasha ukakuta waya mmoja ni mfupi, utafanya nini? Sikiliza anavyojibu, na anachukua muda gani kabla ya kujibu. Kisha niandikie, hata kama mtakuwa mmeamua tofauti na nilivyokuwa nakuwazia. Na nataka kujua ile video ya dakika 20 siku hizi inatoka kwa muda gani.

Shangazi yako